Kaseti za Ndege

Watu wa Arusha wanajiona wanajua muziki kwa sababu kila duka la simu linapiga kelele. Nimeishi katika mji huu tangu nilipomaliza kidato cha nne, na wanaosikiliza kweli sijawaona. Wanafungulia muziki kama wanavyotundika pazia, ili jirani ajue kwamba wamo ndani. Usharika wetu nao umenunua kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Wimbo wa Pasaka, wimbo wa mazishi, ngoma ni ileile. Kijana anabonyeza kitufe, anakunja mikono, na waumini wanasema amebarikiwa.

Mke wangu anasema nina dharau. Ni kweli ninayo, na haya ninayoyaandika ni habari ya jinsi ilivyonigharimu.

Nilichokuwa natafuta ni rekodi za mandolini. Mandolini ni kama gitaa lililokatazwa kukua, lenye nyuzi zilizopangwa mbilimbili na sauti ya juu, kali, inayotetemeka. Wamarekani wa milimani wana muziki wao wa mbio wanaouita bluegrass. Ndani yake kuna gitaa, banjo, fidla, besi, na mandolini inayopita juu ya wote kama haigusi ardhi. Niliusikia nikiwa karani wa stoo kwenye karakana ya misheni, upande wa Makumira. Mwalimu mmoja Mmarekani alikuja na santuri za kikundi ambacho hata kwao hakikujulikana sana, akaturekodia kaseti wafanyakazi wawili tulioonyesha kupendezwa: mimi na dereva wa karakana. Kaseti zangu nilizipiga mpaka zikawa zinanong'ona, kisha redio ikazitafuna. Mwalimu alirudi kwao akafia huko. Kampuni iliyotoa santuri zile ilifungwa zamani, na hakuna aliyezitoa tena.

Ningeweza kuzeeka bila kuzisikia kama si masikio. Hospitali walinivalisha vidude vya kusikilizia, wakaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilibonyeza kwa bidii zote. Binti aliyekuwa kwenye mashine akanionyesha mstari ulioanza vizuri kisha ukaporomoka.

"Babu, sauti nene unazisikia safi kabisa. Nyembamba ndizo zinazoondoka. Filimbi, kengele ya simu, zile za juu juu."

"Zitarudi?"

"Hazirudi, babu. Ila kuna kifaa cha kuvaa, kinasaidia kuongea na watu."

Nikamwambia watu sina hamu nao. Nilitoka pale nikiwa na jambo moja tu kichwani. Mandolini yote iko juu. Kama nilitaka kuisikia tena, ilikuwa ni sasa, kabla mlango haujafungwa.

Nilianzia Ngarenaro, kwenye vibanda vya kuweka nyimbo kwenye simu, kwa sababu zamani mitaa ile ilikuwa na watu waliojua kaseti. Niliwakuta vijana wawili na kompyuta moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mna mandolini?"

"Kaimba nani?"

"Haiimbwi. Inapigwa."

"Aaah, biti!" Akamgeukia mwenzake. "Oya, dingi anataka biti. Anataka kuchana mistari!"

"Achane tu, mzee ana sauti ya studio huyo."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha yule wa kwanza akaandika neno kwenye mashine, akanitolea mandolini ya kulalia usingizi, imechanganywa na mvua, muziki wa watu wanaongoja chakula hotelini. "Hii hapa mzee, saa nzima, haina hata tangazo." Alidhani ananipa sifa ya bidhaa. Kwa vijana hawa dunia yote imo ndani ya ile mashine, na kisichokuwemo hakijawahi kuwepo.

Binti yangu anayeishi Engutoto akaniandikia kwa wakusanyaji wa santuri huko ng'ambo. Mmoja alijibu kwamba hatumi mzigo Afrika. Wa pili alijibu kwa upole mrefu wa mtu anayejipenda. Santuri zile anazo, zote, zimo kwenye mifuko ya plastiki, na hajawahi kuziweka kwenye mashine kwa sababu kuzipiga kunazipunguzia thamani. Binti akamwomba arekodi angalau upande mmoja. Akasema nakala zikienea, za kwake hazitakuwa adimu tena. Nilimwambia binti amjibu kwamba yeye ni sawa na mtu aliyeoa kisha akamfungia mke kabatini asizeeke. Alikataa kuandika.

"Baba, mbona unahangaika na Wazungu? Si ulisema mlirekodiwa wawili?"

"Yule dereva? Amekufa. Na hata angekuwa hai, mtu yule hakujua hata chombo kinaitwaje. Alikuwa na jina lake la porini. Nilimsahihisha mbele ya mafundi wote."

"Alikuwa anakiitaje?"

Sikukumbuka. Sikuwa mtu wa kumsikiliza dereva.

Hata hivyo nilitafuta namba ya mjane wake. Anaishi magharibi ya Mlima Meru, kwenye zile nchi kavu za Waarusha, barabara ya Namanga, ana ng'ombe kidogo na shamba la ngano. Nilimpa pole iliyochelewa, akaipokea. Kisha nikaenda kwenye shida yangu.

"Shemeji, marehemu aliacha kaseti?"

"Aliacha. Redio iliharibika zamani, kaseti zipo."

"Za mandolini zipo?"

"Hizo sizijui. Kuna za kwaya, na kuna boksi la za ndege."

"Za ndege?"

"Ameandika mwenyewe juu ya boksi. Za ndege."

Nilicheka. Marehemu alikuwa akitumwa mara kwa mara uwanja wa ndege kuwapokea wageni, na palepale nikamwona ameokota huko kaseti za matangazo, funga mkanda, usivute sigara, akazitunza kama hazina. Ilimfaa kabisa. "Basi, shemeji," nikasema, "za ndege tuwaachie wanaosafiri."

"Haya, shemeji," akasema, akakata.

Nilimhadithia mke wangu kama kichekesho. Hakucheka. Aliniuliza kama nimeomba kuliona boksi lenyewe. Nikamwambia sina nauli ya kwenda kuangalia upuuzi. Nauli nilikuwa nayo.

Miezi ikapita. Kengele ya simu yangu ikaanza kunipotea nikiwa chumba cha pili, na mjukuu akiongea nilikuwa naona mdomo tu. Kisha tukamzika mzee mmoja tuliyefanya naye kazi misheni, na wakati wa chakula nikajikuta nimekaa na fundi mstaafu wa karakana. Ni mtu wa hadithi ndefu, sikumpa sikio mpaka alipomfikia yule dereva.

"Na muziki wake wa ndege! Unakumbuka? Anafungulia kwenye Land Rover, anasema, sikieni, ndege wameamka."

"Ndege gani?"

"Si ile mandolini yenu! Alisema inalia kama ndege wa alfajiri. Na wewe ukamsimamisha pale, 'inaitwa man-do-li-ni, sema.' Ukamfanya aseme mara tatu kama mtoto wa vidudu. Tulicheka siku ile, lakini si vizuri."

Niliacha sahani. Kesho yake asubuhi nilikuwa barabara ya Namanga.

Niliziona kabla sijaiona nyumba. Ngano ilikuwa imetoa masuke, na juu yake, kutoka mti hadi mti, zilikuwa zimevutwa nyuzi za rangi ya kahawia zilizokuwa zikimeta na kujipinda kwa upepo. Watu wa huku hufanya hivyo na kanda za kaseti. Zinang'aa juani, zinavuma, na ndege wanaokula nafaka wanaogopa kutua. Nilishayaona mashamba ya namna hiyo mara nyingi, nikayapita nikiwadharau wenyewe kwa uchafu.

"Takwenya," nilimwamkia mjane kwa Kimaasai changu cha sokoni.

"Iko. Karibu, shemeji. Umeamua kusafiri?"

Alikuwa hajasahau. Nikamuuliza kaseti za ndege ziko wapi, na akaonyesha shamba kwa kidevu.

"Si hizo? Zinafanya kazi kweli. Kwa jirani wamekula, kwangu hawatui."

Maneno yaliyonijia mdomoni sitayaandika. Yote yalikuwa ya kumwita mjinga. Lakini aliendelea, akiangalia ngano, si mimi. "Marehemu alikuwa mtu wa kujiandaa. Nilipoona boksi zima ameliandika za ndege, nikasema, baba huyu kaniwazia shamba hata akiwa hayupo."

"Shemeji, ule ulikuwa muziki."

"Muziki?"

"Ndiyo ile mandolini niliyokuuliza."

"Mimi nilikuambia za ndege zipo. Wewe ulicheka. Kuzeeka nimezeeka, ila simu naisikia."

Niliomba nizishushe. Akanitazama kama mtu aliyeomba kung'oa mlango wa nyumba.

"Ngano iko kwenye maziwa, punje bado laini, wakati huu ndio wanaitaka. Ukishusha, nani atawafukuza? Wewe? Lete kanda nyingine, ubadilishe. Shamba langu huliachi uchi."

Kesho yake nilirudi na begi zima. Zilikuwemo kanda za mahubiri, dansi za zamani nilizokuwa nikijivunia, na kaseti chungu nzima nilizonunua mjini katika ule msako, zilizonidanganya kwa majina yaliyoandikwa juu yake. Nilizivunja moja moja kwa jiwe, nikavuta utumbo wake. Nilifunga yangu kwanza, kisha nikafungua ya marehemu na kuizungusha kwenye kipande cha mti. Kila nilipochelewa upande mmoja, kundi la ndege lilishuka hapo hapo, na mjane akapiga kelele kutoka kivulini:

"Wameshuka huko! Vuta, shemeji! Usilegeze, ikilegea haivumi!"

"Inatosha hivi?"

"Hiyo ni kamba ya kuanikia nguo! Vuta! Nyie watu wa kalamu, hata ndege wanawajua."

Kicheko chake kilikuwa cha haki, nikavuta. Boksi lilikuwa na kaseti kadhaa, na zote alikuwa amezitundika. Nyingine zilikuwa zimepauka kabisa, zimebaki utepe mtupu. Jioni alinipa maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akasema mavuno yakiisha nikachukue na zangu nikizitaka. Nikamwambia akae nazo. Hakuniuliza muziki wenyewe ukoje, wala sikupata ujasiri wa kumweleza kwamba jina la mume wake lilikuwa zuri kuliko langu.

Nyumbani nilikata vipande vilivyokuwa bado na uhai kwa wembe, nikaviunganisha kwa gundi ya karatasi, nikavirudisha ndani ya ganda la kaseti. Vingine niliviunganisha kinyume, kwa hiyo wimbo ulianza katikati, ukaruka, ukaendelea na wimbo wa upande wa pili. Kwenye redio ya binti yangu besi ilitoka kwanza, imelewa kidogo, kisha gitaa, kisha fidla kama mtu anayeongea akiwa kwenye gunia. Wapigaji walikuwa walewale. Niliwajua mara moja, hata kwa hali ile.

Mke wangu alikuwa akichambua maharage. "Hapo," akasema ghafla, "hapo ndiyo hiyo yako, si ndiyo? Inalia vizuri."

Nilikuwa nimeinama mpaka sikio limegusa redio. Palipokuwa na mandolini mimi nilisikia nafasi. Besi na gitaa vilikuwa vinakwenda, vimemwachia mtu njia, na hakuna aliyepita.

"Kanda imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika hapo. Naisikia."

Niliendelea kuinama kwa ukaidi tu. Zamu ya mandolini ikaisha, ikaingia fidla, na nyuma ya fidla nikasikia kitu kingine: kikavu, kifupi, katikati ya pigo la besi na pigo la besi. Chwa. Chwa. Chwa. Kama panga linalofyeka mti mbichi. Ilinichukua muda kukitambua. Zamu ya mandolini ikiisha, mpigaji hapumziki. Anazikaba nyuzi zote kwa vidole na kuzichapa mara moja, akiwapigia wenzake hatua. Sauti hiyo haina uzuri. Miaka ile nilikuwa nikiingoja iishe ili nimsikie tena akipaa juu, na nilimwambia yule dereva kwamba hapo hakuna cha kusikiliza.

Nikaisikia yote. Ilikuwa ndiyo inayowashikilia wote wasitawanyike, na alikuwa akiipiga muda mrefu zaidi kuliko ule wa kupaa.

Mke wangu aliniuliza kama nimeisikia, nikamwambia nimeisikia kidogo, upande wa chini. Hakunionea huruma, jambo ambalo namshukuru. Alisema, "Basi si ipo," akaendelea na maharage yake.

Kipande chenye fidla ni kifupi, kinaishia kwenye gundi. Nimejifunza kukirudisha nyuma kwa kidole, bila kubonyeza kitufe, ili redio isikitafune.