Kaburi la Moa lenye bakuli la Bi Zuhura

Mwenye barua hii tumemficha jina kama alivyoomba, na majina ya wengine ameyabadili mwenyewe.

Bwana Mhariri na wasomaji, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, sijaoa, nakaa Tanga na kazi yangu ni kupiga picha. Nikisafiri kwenda gulioni au harusini, sirudi kabla sijapiga picha makaburi ya huko. Napenda utulivu wake na vyombo vinavyochomekwa juu yake. Wenzangu hunitania kwamba wateja wangu hawalalamiki. Siku hizi utani huo siucheki.

Picha hizo nilizitundika ukutani. Jirani yangu, nimwite Bi Zuhura, Mpemba muuza vitumbua, aliniletea chai akaganda mbele ya kaburi moja la kijiji cha Moa. Kichwani pake pamechomekwa bakuli la maua, lina ufa ulioshonwa kwa waya.

"Kaka, ufa huu niliushona miye," alisema. "Bakuli hili mume wangu aliondoka nalo."

Mumewe alivuka kuja bara kutafuta kazi, akapotea miaka mingi. Na kwetu chombo alichotumia marehemu ndicho huwekwa kaburini kwake, basi hakuuliza zaidi. Alilia, akaniomba ile picha, akaingia eda.

Nikarudi Moa ili nimletee walau habari za alivyokufa. Mchimba kaburi akanionyesha nyumba ya wenye kaburi; nilipotaja jina la mume wa Bi Zuhura, akatoka mwenyewe, mzima, kikombe cha kahawa mkononi! Kaburi ni la mtoto wake mdogo, aliyemzaa na mke wa huko, na bakuli ndilo alilonywea uji. Picha niliipiga kwa karibu mno, udogo wa kaburi hauonekani.

Nikamwambia Bi Zuhura yuko edani kwa ajili yake. Alinishika mkono.

"Mdogo wangu, mwambie kaburi ndilo langu. Nimemtupa miaka yote hii, nitamtazama kwa uso gani?"

"Basi mpe talaka, awe huru."

"Nikiipeleka talaka, kaka zake watajua nilipo. Wataniua." Akafunga mlango.

Tangu hapo sina raha. Namsikia Bi Zuhura kupitia ukutani akimsomea Yasini mtu anayekula na kulala. Hufukiza udi mbele ya picha yangu. Aliniambia nyuma ya pazia kwamba mumewe humjia usingizini, husimama tu, hasemi, naye amekubali kwamba kafa, kwa kuwa wafu hawasemi. Mimi nami nikifumba macho namwona yule bwana na kikombe chake, ananitazama. Naogopa kumwambia mama wa watu kwamba alitupwa, na naogopa zaidi kunyamaza.

Jana kaka yake Bi Zuhura alinijia kwa furaha. Eda inakaribia kwisha, posa imeshadokezwa, na mposaji ni mtu mwema. Wanataka nije na kamera. Ndugu zangu, nishaurini: nitaipigaje picha ya harusi ya mke wa mtu?