Mpaka Uliozunguka Nyuma ya Nyumba

Ukitaka kumuudhi Mzee Talib Matano, mwambie hujui unakaa jimbo gani. Atakukalisha barazani kwake, pale Mitondooni, mwendo mfupi kutoka Ole, na hutonyanyuka mpaka uyasikie yote: jimbo lilivyokuwa moja kubwa, likakatwa vipande, vikaunganishwa tena watu wakanuna, kisha likakatwa upya ndipo Mitondooni ikapata jimbo lenye jina lake. Wawakilishi wote anawajua kwa zamu zao, na wale waliomkasirisha huwataja kwa majina ya baba zao tu. Katika kukata na kuunga kote huko, husema, kitu kimoja hakijabadilika: mpaka ni njia. Ni ile njia ya miguu ya kwendea kisimani, inayopita mbele ya nyumba yake. Nyumba iko Mitondooni, na ng'ambo ya njia ni jimbo la Bandarikuu.

Basi mwaka ambao binti yake Ruweida, mwalimu wa skuli ya msingi, alisimama kugombea uwakilishi wa Mitondooni, mzee alivimba kwa furaha mpaka watu wakamwonea haya. Hakuna aliyepita asiambiwe.

"Kura ya mwanzo ya mwanangu itakuwa yangu mie," akisema. "N'takwenda na alfajiri, nisimame mbele ya watu wote."

"Baba, usijisumbue, wewe njoo tu," Ruweida alimjibu. Lakini alifurahi, maana wako waliomwambia mwanamke hapati hata kura za nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye karafuu. Pale mbele ya nyumba ya Mzee Talib, ile njia imepanuka na ardhi yake ni ngumu, tambarare, jua linaipiga kutwa nzima. Kwa kuanika karafuu huwezi kutaka pahala pazuri zaidi. Kila msimu mkewe, Bi Mwanapili, hutandika majamvi njia nzima, na wapita njia, kwa adabu zao, huzunguka nyuma ya nyumba. Pemba nzima hakuna atakayekanyaga karafuu za mwenzake, hata awe hasimu wake. Misimu ikapita, watu wakazoea huko nyuma, mbele majani yakaanza kuota pembezoni mwa majamvi, wala mzee hakuona tabu yoyote. Alipata uwanja wa bure.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi walikuja watu wa mipaka na mashine zao za kupimia. Sheha, Mzee Mbarouk, akawaleta moja kwa moja kwa Mzee Talib, kwa sababu nani mwengine angeletewa? Mzee akavaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, akashika bakora, akatangulia.

"Mpaka ni njia," aliwaambia. "Nifuateni mie, msinipite."

Wakamfuata kutoka kisimani, wakapima kila pahala alipokanyaga. Walipoikaribia nyumba yake wakakuta majamvi yametandikwa na karafuu zimeanza kuwa nyekundu. Mzee hakusita hata kidogo. Alikunja kushoto, akazunguka nyuma ya nyumba yake mwenyewe, akawaonya wageni wasije wakakanyaga, akatokea upande wa pili akiendelea kuhadithia habari za wawakilishi wa zamani. Wale wakapima, wakashukuru, wakanywa chai, wakaondoka.

Ramani mpya ilipobandikwa ofisini kwa sheha, ili mwenye pingamizi aseme, Ruweida alimwomba baba yake wakaitazame pamoja. Mzee alicheka.

"Ramani gani tena, mwanangu? Ile nimewatembeza mie kwa miguu yangu!"

Ruweida alimwamini. Hakwenda.

Siku ya kuhakiki majina ya wapiga kura, mzee alifika skuli ya Mitondooni wa mwanzo. Kijana wa kike aliyekaa mezani akatafuta jina, akatafuta tena, kisha akamwambia kwa upole, "Babu, wewe na watu wa nyumba yako mnapigia Bandarikuu."

"Bandarikuu?" Mzee alishika ukingo wa meza. "Weye mtoto, wajua unasema na nani? Mie Bandarikuu nina nini?"

Sheha akaitwa. Akaleta ramani, akaweka kidole juu ya mstari. Mstari ulikuja umenyooka kutoka kisimani, ukafika kwenye nyumba, ukakunja, ukapita nyuma, ukarudi kunyooka. Nyumba yote imebaki nje.

"Hapano ndipo ulipotupitisha, yakhe," sheha alisema. "Na muda wa pingamizi ushapita."

Mzee Talib aliufuata ule mstari kwa kidole chake mwenyewe, mara mbili. Yeye! Yeye aliyewasomesha wengine mipaka, ndiye aliyeitoa nyumba yake jimboni kwa kuzihurumia karafuu. Na Ruweida anakaa nyumba hiyo hiyo. Na mkewe. Na wanawe wengine, na wake zao.

Siku ya uchaguzi walikwenda Bandarikuu ukoo mzima, kama waendao hitimani. Mzee alipoingia kwenye kituturi aliifungua karatasi ya mwakilishi, akaitazama juu hadi chini akimtafuta binti yake, na hali anajua fika hayumo. Akatazama tena. Mpaka leo hasemi alimpigia nani.

Ruweida alishindwa. Alishindwa kwa kura chache mno, hata watu wa nyumba yao peke yao wangetosha kuzifidia na nyengine zikabaki.

Karafuu za vuli zilipoiva, Bi Mwanapili akatoa majamvi. Mzee akamzuia. Akang'oa majani, akafagia njia yote ya mbele, akaiacha wazi, karafuu zikaenda kuanikwa juu ya bati la banda. Kisha akakaa barazani.

"Piteni kuno!" akiwaita watu. "Njia ni hii, nshaifungua!"

Walimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo Mzee Talib," wakazunguka nyuma. Miguu yao ilishazoea.

Jioni moja alimngoja Ruweida arudi skuli. Tangu matokeo hawajasema kitu cha maana, na siku hiyo alikuwa amejikaza amwombe radhi. Alikaa akiikodolea macho ile njia tupu, iliyofagiliwa, mpaka akasikia hodi. Ilitoka mlango wa uani. Ruweida amekuja kwa nyuma, kama watu wote.