Programu Tatu Zilizokufa Kifo Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa mbele ya mashini ya kuandika ambayo herufi yake ya R ilikuwa inakwama. Ilikuwa katika institut moja ya elimu ya juu hapa Bukavu, miaka ile nchi ikiitwa Zaïre na kila mtu ofisini akiitwa Citoyen au Citoyenne, yaani mwananchi, hata mpika chai. Nilikuwa dactylo, yaani mpiga mashini. Mkuu wangu wa kwanza, Secrétaire wa institut, alisimama nyuma yangu na saa yake mkononi, kisha akasema: «Citoyenne, vidole viko mbio. Sasa ujifunze kusoma ile unaandika.» Nilikaa kwake miaka sita nikipiga barua, mitihani na kazi za mwisho za wanafunzi.

Halafu ordinateurs, yaani kompyuta, mbili zilifika. Waliziweka kwenye chumba kando ya maktaba, wakaning'iniza pazia nene kwa ajili ya vumbi, wakanihamisha huko kwa sababu moja tu: nilijua kupiga herufi bila kuzitazama. Mkuu wangu mpya alikuwa Chef de Travaux wa hesabu, cheo cha mwalimu ambaye amempita assistant lakini hajawa profesa. Aliwasha mashini, nikaona kioo cheusi, herufi moja pembeni na alama ndogo inayopepesa.

«Inangojea nini?» nikamuuliza.

«Inakungojea weye. Unaandika amri, inafanya. Ukikosa herufi moja, inakataa.»

Vijana wa leo wanagusa picha kwa kidole, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwanafunzi aliandika programu yake kwa lugha ya Pascal, maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, lakini mashini yenyewe haiyaelewi. Kulikuwa na programu nyingine, compilateur, iliyoyasoma mstari kwa mstari na kutengeneza faili jipya ambalo mashini inaweza kulitembeza. Kazi hiyo tuliiita kukompile. Ukisha kukompile, unaandika jina la lile faili jipya, na programu inaanza kutembea. Mimi nilipenda ile hatua ya katikati. Saa ya mapumziko nilikuwa naondoa nukta au mkato kwa makusudi, nione compilateur italalamika namna gani. Mara nyingi ililalamika juu ya mstari uliofuata, wala si ule wenye kosa. Jambo hilo lilinishangaza sana, nikajaza daftari zima na makosa niliyoyatengeneza mwenyewe.

Baada ya muda institut ilitangaza concours, yaani mashindano, ya programu. Wanafunzi kumi na wawili, maswali matatu, na watatu wa kwanza wangepelekwa Kinshasa kufanya stage, yaani mafunzo ya kazi. Kila mshindani angeleta programu kwenye disketi yake. Mimi ningeikompile, ningeitembeza kwa tarakimu ambazo jury, yaani waamuzi, ilizificha, kisha ningelinganisha jibu lake na jibu la jury. Kuandika amri nne kwa kila mtu na kila swali kulinichosha nikiwa bado nafanya majaribio. Nikaziandika amri zote katika faili moja, ili nikitaja jina la faili hilo tu, zifuatane zenyewe. Nilijivuna sana. Chef de Travaux aliitazama ikitembea, akasema: «Citoyenne, umekuwa ingénieur.»

Siku ya concours, chumba kilijaa. Tisa wa kwanza walipita vizuri, wengine wakipata, wengine wakikosa. Wa kumi, programu yake ya swali la pili ilikufa: mashini iliandika kwamba imejaribu kugawanya kwa sifuri. Hiyo hutokea. Wa kumi na moja akaja, ikafa vilevile. Wa kumi na mbili vilevile. Nikamwita Chef de Travaux, nikamnong'oneza neno ambalo mpaka leo linanichoma: «Hawa wamekopiana.»

Hakubisha. Watatu hao waliitwa, wakawekwa pembeni: Bahati, kijana wa Minova, Furaha, binti wa hapa Bukavu, na Kitoga, aliyetoka Shabunda kwa lori kuja kusoma. Kukopia kulikuwa na adhabu moja, kufukuzwa. Furaha alilia. Kitoga alikuja mpaka kwenye meza yangu na karatasi aliyoandikia programu yake.

«Maman, mu programu yangu, division hakuna. Soma weye mwenyewe. Kujumlisha iko, kutoa iko. Kugawanya hakuna hata moja. Sasa inagawanya nini kwa sifuri?»

Nilisoma. Nilisoma tena kuanzia chini kwenda juu. Kweli, hakukuwa na alama ya kugawanya popote. Hapo hasira yangu iliisha, nikabaki na swali tu: programu inawezaje kufa kwa kitu ambacho haina?

Directeur, mkuu wa institut, alikuwa amekwisha kuingia kwenye salle kubwa, yaani ukumbi, kutangaza matokeo. Niliacha lile faili langu la amri, nikaandika amri moja moja kwa mkono, polepole, kama siku nilipoanza. Nikakompile programu ya Kitoga. Compilateur ikaandika mstari mmoja mfupi: nafasi imekwisha kwenye disque, yaani hifadhi ya ndani ya mashini. Nilikuwa nimeweka majibu ya kila mtu humo bila kufuta kitu, mpaka ikajaa. Kwa hiyo faili jipya halikutengenezwa, na lile la mwisho la mtu wa tisa, la swali la tatu, likabaki mahali pake na jina lilelile. Amri zangu hazikusimama. Ziliendelea mbio, zikaitembeza programu hiyo kwa jina la wa kumi, la wa kumi na moja, la wa kumi na mbili, nayo ikipewa tarakimu za swali la pili inagawanya kwa sifuri. Ule mstari wa onyo ulikuwa umepita kwenye kioo kila mara, na kila mara ulifutwa kabla sijausoma.

Nilimwonyesha Chef de Travaux. Akasema: «Citoyenne, Directeur ameanza kusema. Ukienda sasa, ni weye wataona mwenye kosa.»

«Ni mimi nilifanya,» nikamjibu.

Nilipita kati ya viti, nikamwambia Directeur sikioni. Alinitazama, akashusha karatasi, akanipa nafasi. Niliwaambia watu wote: kosa ni langu, hawa watatu hawakukopia, nawaomba msamaha. Kisha nikafuta majibu ya zamani kwenye disque, nikazitembeza upya programu za wote kumi na wawili mbele ya macho yao. Kitoga akawa wa pili. Bahati na Furaha hawakuingia kwenye watatu, lakini walibaki shuleni.

Directeur aliniita kesho yake. Nilidhani ni barua ya kunifukuza. Aliniuliza tu: «Umebadilisha nini?» Nikamwonyesha amri mbili nilizoongeza: ya kwanza inafuta faili la zamani kabla ya kukompile, ya pili inasimamisha kila kitu kama jipya halikupatikana. Akazisoma, akanirudisha kazini. Nilisimamia concours nyingine nyingi baada ya hiyo, kisha wakanipeleka maktaba, na huko ndiko nilikopokelea barua ya pensheni.

Kitoga alinishukuru. Bahati alicheka nami. Furaha hakunisemesha mpaka alipomaliza masomo. Siku ya diploma yake nilimtafuta nikamwomba msamaha kwa mara ya pili.

«Maman,» aliniambia, «mashini nilisha kuisamehe. Yenyewe haikujua mimi ni nani. Weye ulinijua miaka miwili.»

Vijana wakiniuliza sasa kazi ile ilinifundisha nini, nawaeleza habari za disque iliyojaa, wanaandika. Halafu nawaambia alichosema Furaha, na hapo ndipo wengine huacha kuandika na kunitazama.