Skuta Iliyobebwa kwa Kipoyi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, wakati nchi hii ikiitwa Zaïre na mimi nikiitwa citoyenne, yaani raia wa kike, nilipovuka mto nikitembea nyuma ya skuta yangu, nayo imebebwa mabegani mwa wanaume wanne kama mke wa mwami, mfalme wetu. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia hapo uani ukibishana na wenzako: pikipiki hii ni toleo jipya, ile ni la zamani, hii ina hiki, ile haina kile. Mlibishana mpaka chai ikapoa, mkasahau kwamba barazani amekaa mtu aliyezijua skuta kabla baba zenu hawajaota meno. Jana nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Nilikuwa kijana, sijaolewa bado, na nilifanya kazi katika ofisi ya chanjo hapa Bukavu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka dawa kwenye vituo vya afya vya vijijini, zikiwa ndani ya visanduku vilivyojazwa barafu. Dawa ya surua haipendi joto. Barafu ikiyeyuka njiani, unachomfikishia mtoto ni maji tu, na surua ya siku hizo ilikuwa ikifagia nyumba. Hapo mwanzo tulidandia malori ya wafanyabiashara wa soko. Lori lilikufa mlimani, dereva akalala chini yake na spana, sisi tukakaa kando ya njia tukitazama maji yakidondoka kutoka kwenye sanduku. Nililia mara nyingi kwenye njia ile, na sioni haya kusema.

Basi ofisi ikapata skuta mbili. Moja kwa mwenzangu Bashige, kijana mrefu mwenye maneno mengi na moyo mzuri, na moja kwangu. Mkurugenzi wetu alituita sote kwenye nyasi mbele ya ofisi, akiwa ndani ya abacost yake, ile suti ya enzi hizo isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri, akasema wanawake kwanza, mimi nichague. Kisha akaongeza, mbele ya watu wote, kwamba siku dawa yangu ikifika moto, skuta itapewa mwanaume na mimi nitarudi kupima uzito wa watoto wachanga. Watu walicheka kidogo. Mimi niliogopa, maana njia ile niliipenda. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Sasa sikiliza, wewe unayejua matoleo. Zote mbili zilitoka kiwanda kimoja, na mtu asiyejua angesema ni mtu na dada yake. Sisi wa Bukavu tulizitofautisha kwa gia zake, tukaziita Vitesi Tatu na Vitesi Ine, yaani gia tatu na gia nne. Vitesi Tatu ndiyo ya zamani. Magurudumu yake madogo, unaona aibu kuyatazama. Kiti chake ni cha mtu mmoja, cha mpira, chenye springi chini, na nyuma yake keria ya chuma ya kufungia mzigo. Haina betri. Taa yake inawaka injini ikinguruma, injini ikizima na wewe umezimika. Petroli unachanganya na mafuta mwenyewe, kwa mkono wako, kwenye chupa, na ukikosea kipimo inakutolea moshi mpaka kuku wanakimbia.

Vitesi Ine ilikuwa habari nyingine. Magurudumu makubwa zaidi, kwa hiyo shimo ambalo Vitesi Tatu inaliingia, yenyewe inalipita. Gia ya nne kwa barabara nzuri. Siti ndefu ya watu wawili, vijana waliipenda hiyo, unajua kwa nini. Betri, honi ya umeme yenye sauti nene, taa ndogo za kuonyesha unakokata, na tangi lake pembeni la mafuta linalojichanganyia lenyewe. Mwili mpana, bati nene. Sitaisema vibaya, mwanangu, mimi si mtu wa kusema uongo ili hadithi yangu ipendeze. Ilikuwa skuta bora. Mlima ambao yangu iliupanda ikikohoa, yenyewe iliupanda ikiimba.

Kila mtu pale alijua nitachukua Vitesi Ine. Nilizizunguka zote mbili. Halafu nikaishika ile mpya, nikailaza kwenye nyasi taratibu, nikajaribu kuiinua. Ikakataa. Nikajaribu tena nikiwa nimekunja kikwembe changu cha kiunoni vizuri, ikakataa tena. Nikaenda kwenye ile ya zamani, nikailaza, nikaiinua, nikaisimamisha kwenye mguu wake. Nikasema nachukua hii, maana ikianguka njiani nitaiinua mwenyewe. Hapo walicheka sana. Bashige hakucheka, alikuwa amekwisha kukaa kwenye ile siti ndefu.

Baba yangu, aliyewahi kuendesha lori la majani ya chai, alinifundisha kuiendesha pale kwetu Nyalukemba. Wanawake wa mtaa walitoka nje kunitazama. Wengine walisema nitakufa, wengine walisema sitapata mume. Nilikufa? Sikupata? Endelea kunisikiliza.

Jumamosi hiyo tulitumwa wote wawili upande wa Walungu, kila mmoja na sanduku lake, vituo viwili kwenye vilima viwili vinavyotazamana. Surua ilikuwa imeingia huko. Wamama walikwisha kuambiwa waje na watoto, na wengine walikuwa wametoka nyumbani alfajiri. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Bashige alitangulia, nikasikia honi yake ikipotea mbele, nami nikafuata polepole na gia zangu tatu, nikiwa nimefunga sanduku kwenye keria kwa mipira ya tyubu.

Nilipopita Walungu na kushuka bondeni, nikamkuta amesimama. Daraja la miti lilikuwa limekwenda na maji. Vigogo viwili tu ndivyo vilivyobaki, vimelala sambamba juu ya mto, vyembamba na vyenye utelezi. Na kando ya mto kilikuwepo kilima kizima cha watu wenye majembe, mapanga na mianzi, wanaume kwa wanawake, maana Jumamosi ilikuwa siku ya salongo. Serikali ilitaka kila mtu afanye kazi ya wote siku hiyo, na mpita njia hakuwa na ruhusa ya kupita. Unakutwa, unashika jembe mpaka kazi iishe. Kazi yenyewe ilikuwa kujenga daraja upya, na kwa jinsi nilivyoitazama, ingeisha jua likizama.

Msimamizi wao alikuwa mzee mfupi waliyemwita Kapita, mwenye kofia ya pamba iliyochuja rangi. Alituonyesha majembe bila kutusalimu.

"Hapa hakuna kupita, citoyenne. Kila mutu anafanya salongo."

Nilipiga goti kidogo, kama tunavyowasalimu wazee, kisha nikafungua sanduku langu mbele yake. Nilitaka aone. Barafu ilikuwa imebaki nusu.

"Papa, hii ni dawa ya surua. Barafu ikiisha, dawa inakufa. Na bamama biko bananingojea kule juu na batoto."

Kapita alitia kidole ndani, akakitoa haraka. Nadhani hakuwa amewahi kugusa barafu. Akatazama kilima cha ng'ambo, na nikajua hapo hapo kwamba naye ana wajukuu huko. Aliniuliza kama siwezi kupeleka sanduku kwa miguu. Nikamwambia kituo cha kwanza kiko mbali, na cha pili mbali zaidi, na mguu wangu haushindani na jua. Lazima skuta ivuke.

Akawageukia watu wake. Halafu akauliza ni nani kati yao aliyebeba mgonjwa wa mwisho kwenda hospitali.

Unajua kipoyi, mwanangu, au simu yako haijakuonyesha? Ni machela yetu ya mianzi. Mtu akizidiwa kilimani, wanaume wanne wanamweka juu, miti mabegani, wanapokezana mpaka barabarani. Kila kilima kilikuwa na watu wake wa kipoyi, na watu hao walijua kupita kwenye utelezi na kwenye kigogo bila kumwangusha mgonjwa. Kapita akawaita wanne. Wakakata mianzi mipya, wakafunga kamba za migomba, kazi ya muda mfupi tu.

Walianza na Vitesi Ine, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ndiyo iliyopendeza. Wakaipandisha, wakainuka. Mwanzi ukalia, ukapasuka, skuta ikarudi chini na bati lake likabonyea. Wakafunga mingine, wakaongeza watu. Lakini watu sita hawawezi kupita kwenye vigogo viwili. Kapita akaitazama ile mashine nzuri, akatikisa kichwa, akaja kwenye yangu. Akaishika keria kwa nyuma, akainyanyua kidogo kupima.

"Hii iko na uzito ya mugonjwa moja tu," akasema. "Tutaibeba."

Wakailaza kwenye kipoyi. Wanawake wakaanza wimbo ule wa kusindikiza wagonjwa, nusu kwa mzaha, mmoja akauliza mgonjwa ana nini, mwingine akajibu ana kikohozi cha petroli. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Na Bashige, ambaye angeweza kukaa na hasira yake, alivua abacost, akaikunja, akaiweka juu ya siti yake ndefu, akaingia mtoni mpaka kifuani. Akasimama katikati ya mkondo chini ya vigogo, mikono juu, ili mtu akiteleza amshike. Wale wanne walipita juu ya kichwa chake hatua kwa hatua. Hakuna aliyeteleza.

Tulipofika ng'ambo, Bashige alikuja akitetemeka, amebeba sanduku lake kichwani. Akaliweka pale pa kuweka miguu kwenye skuta yangu.

"Nabintu, peleka na yangu," akaniambia. "Mimi nabaki na salongo."

Nikaondoka na masanduku mawili, moja nyuma na moja katikati ya magoti. Ile skuta ilikohoa kwenye kila mwinuko. Kwenye moja nilishuka nikaisukuma huku injini ikivuta, nikazungumza nayo kama mtu na ng'ombe wake. Kituo cha kwanza nilikuta wamama wamejaa mpaka nje ya ua. Sista mwuguzi akafungua sanduku, nami sikuweza kutazama. Akachukua mkono wangu akauingiza ndani. Chini kabisa, kwenye pembe, palikuwa na kipande cha barafu, kidogo, baridi inayouma. Sikungoja kusifiwa, nikakwenda kituo cha pili. Huko nako baridi ilikuwepo.

Watoto wa vilima viwili walichanjwa siku hiyo, mwanangu. Nimekutana nao baadaye wakiwa watu wazima, wenye watoto wao mgongoni, hawanijui, nami huwa nawapisha njiani nikitabasamu peke yangu. Nimepata mambo mengi maishani. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote, na sitaomba radhi kwa kujivuna.

Niliporudi jioni, daraja lilikuwa limekwisha kujengwa. Bashige alikuwa amekaa juu ya Vitesi Ine yake iliyobonyea, matope mpaka shingoni, anakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pamoja na Kapita kana kwamba amezaliwa pale. Aliniuliza neno moja tu, barafu? Nikamwambia imefika. Mkurugenzi hakurudia tena ile habari ya kunirudisha kwenye mizani, na njia ile ilibaki yangu mpaka nilipozaa mtoto wa tatu. Na kwa kuwa umekuwa ukijiuliza tangu nilipoanza, ndiyo, Bashige huyo ndiye babu yako.

Sasa neno langu ni hili. Toleo jipya si baya, na mimi si mzee wa kulia lia juu ya vitu vya zamani. Ukiweza, nunua jipya. Lakini unapochagua kitu kitakachobeba maisha yako, iwe pikipiki, iwe nyumba, iwe kazi, iwe harusi, usiishie kuuliza kina gia ngapi. Uliza pia: siku daraja likivunjika, watu waliopo wataweza kuninyanyulia hiki, au ni kikubwa mno kwa mabega yao? Mimi siku ile sikufika kwa nguvu ya injini. Nilifika kwa sababu mzigo wangu ulikuwa na kipimo cha watu. Wala usiwapite watu wa salongo kwa honi. Shuka, salimia, fungua sanduku lako waone ulichobeba. Na zamu ikiwa ya mwenzako, vua koti uingie mtoni.

Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, akubariki, mwanangu. Akupe njia ndefu na mzigo unaoufaa mgongo wako. Akupe watoto wenye afya, na kila kilima utakachofika akukutanishe na watu wanne wenye mabega, na mmoja wa kusimama chini majini akikungoja.