Bakuli Lililoshikilia Bei ya Kibarua

Nakumbuka asubuhi moja pale mji mdogo wa Salama, mwanangu, nilipoenda kuomba kazi ya kuvunja kokoto kabla sijatia kitu tumboni. Nilikuwa kijana wa haya, niliyeishia shule ya msingi, na kuongea mbele ya watu kulinishinda.

Mwethya wetu, yaani kikundi cha kusaidiana, ulikuwa na desturi. Kila mwenye kibarua alitoa bakuli la mahindi, wakala wasio na kazi. Nami nilikula hapo nikingoja kazi yenye malipo ya haki. Lakini Mutuku, mvunja kokoto hodari, alichoka.

"Huyu kijana ananenepa kuliko mbuzi wa kule Ikutha," alisema mkutanoni. Watu wakacheka, na desturi ikafutwa.

Njaa haina haya. Ndipo asubuhi hiyo nilimwambia tajiri wa machimbo, "Nipe chochote." Akanipa kazi kwa nusu ya malipo. Wengine wasio na kazi wakanifuata, na Jumamosi tajiri akamwita Mutuku.

"Kuanzia leo, wewe pia ni nusu."

"Lakini mimi ni wa zamani hapa."

"Kuna watu langoni. Ukitaka, wapishe."

Mutuku alikuja mkutanoni na nyundo mkononi, hakuketi. Akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye ameharibu bei."

Niliinama. Susu Ndunge, nyanya aliyekuwa akitupimia mahindi, akacheka kidogo.

"Mutuku, ulidhani bakuli lile lilikuwa la huyu? Lilikuwa lako. Aliyekula anaweza kumwambia tajiri hapana. Mwenye njaa hawezi, na bei yake ndiyo inakuwa yako."

Mutuku alitoka. Tulidhani amekasirika, kumbe alienda nyumbani. Alirudi na bakuli lililojaa mahindi, na wengine wakaleta yao.

Jumatatu hakuna aliyesimama langoni wala aliyegusa nyundo kwa nusu. Tajiri alingoja mpaka jua likawa kali, kisha akarudisha malipo ya zamani. Mutuku mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita.

"Njoo, mbuzi wa Ikutha. Nyundo yako iko."

Mwanangu, nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kutoka mgongoni.

Basi siku hizi ukisikia watu wakibishana kama asiye na kazi asaidiwe au aachwe, usikimbilie kumnyima. Wavivu wapo, sikatai, waambie ukweli. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na jirani yako akibanwa na njaa, mshahara wako hauko salama.

Mungu akupe kazi ya mikono yako, na siku kazi ikikosekana, akupe jirani mwenye bakuli.