Sigara nene za baba yenu

Neema, Yosefu, bibi na shangazi wa Usevya, hamjambo nyie wote? Mimi leo sina amani.

Mtalii mmoja aliyekuja mbugani kampa baba yenu sigara mbili fupi, nene kama dole gumba.

Shemeji yangu, aliyekuwa amekaa naye, akasema, "Hizo zinakaba, bora nyembamba."

Baba yenu akamcheka. "Wewe zoea vijiti vyako! Nene ndiyo tamu."

Akavuta mpaka kifuani, kama tumbaku yetu ya kusokota.

Jamani! Alikohoa mpaka akashika ukuta. Akatema damu.

Na bado wanabishana!

Hospitali hataki, eti ni ugeni wa sigara. Lakini Jumapili, kabla hata ya sigara hizi, nilifua shati lake lina damu, nikanyamaza.

Neema, wewe anakusikia. Mpigie sasa hivi, uniambie kasemaje.