Siku Niliyoitetea Kesi ya Mjukuu Wangu Mbele ya Kompyuta

Tuliokuwepo siku ile ni hawa: mie mwenyewe, Bibi Yustina, mwenye nyumba, mjukuu wangu Upendo, mtoto wa mwanangu Elia, niliyemlea tangu hajaota meno, Mama Grayson, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, na Mzee Shabbir mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale chini mlima unapoanza, ambaye jumuiya si yake (yeye ni Shia, husali msikitini kwao mjini) ila tumezoeana tangu aliponiuzia mabati ya nyumba hii hii. Na ndani ya kompyuta alikuwemo Profesa Mwakyoma, mkubwa wa kazi wa Upendo, pamoja na wenzao ambao majina yao yaliandikwa chini ya sura zao lakini macho yangu hayakuyafikia, na hilo linaniuma mpaka leo, maana watu nilioaibika mbele yao napenda niwajue majina. Aibu yenyewe naisimulia mwenyewe kwa sababu Mama Grayson ameshaitembeza Madale nzima, na anaongeza chumvi.

Kazi ya Upendo ni kufuatilia magonjwa. Hachomi sindano, yeye na wenzake wanapokea taarifa za zahanati, homa gani imeingia mtaa gani, wanaziunganisha wajue inaelekea wapi. Hayo nayajua sasa, zamani nilikuwaga najua tu kwamba "yuko afya". Basi zilipopita zile mvua zilizotuletea dengue, ile homa inayokuvunja viungo mpaka kijiko unakiona kizito, Upendo akaanza kuandika, anaandika asubuhi, anaandika mchana, chai inapoa, ugali unaota ngozi. Namuuliza, "Mke mwenzangu, unaandika nini kisichoisha?" Ananijibu, "Makala, bibi. Ya jarida." Jarida ninalolijua mie ni lile lenye picha za harusi na mapishi ya keki, nikanyamaza zangu.

Siku ya mkasa nilikuwa nachambua mchicha chini ya dirisha lake (sikuwa nachungulia, ndipo penye kivuli), nikamsikia anaongea na simu, sauti imekauka: "Kesi nyingi ni za Madale, Kipawa chache tu... Hapana, wanasema ushahidi hautoshi! Yule wa pili ndiye mbaya, kila hoja anaipinga. Leo ndiyo mwisho wa kujitetea, tukishindwa basi, kazi yote imekwenda na maji."

Jamani. Mchicha ulinidondoka. Kesi! Tena nyingi! Tena za hapahapa, na mie nasalimiana na watu kila siku, hakuna aliyenidokeza!

Ningeuliza tu pale dirishani, haya yote yasingekuwepo. Lakini nikajiambia, mtoto ananificha nisipandwe na presha, na mie nisimwaibishe. Nikaenda kwa Mama Grayson.

"Kesi ya nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hujui nini, bibi? Hapa Madale kuna kesi zaidi ya viwanja? Mtoto kauziwa kiwanja cha mtu!"

Akanishika mkono tukashuka hadi kwa Mzee Shabbir, kwa kuwa mkwe wake ni wakili. Mkwe hakupatikana kwenye simu, ila mzee mwenyewe alishajua yote: "Kesi siku hizi zinasikilizwa kwenye kompyuta, Bibi Yustina. Mkwe wangu anafanyaga sebuleni kwangu, juu tai, chini msuli. Huyo binti hana wakili? Basi wewe nenda useme tabia yake. Hakimu akiona mzee, moyo unalainika." Akafunga duka, akatufuata.

Nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Tulipoingia sebuleni, Upendo alikuwa mbele ya kompyuta akiongea Kiingereza, na kweli, kiooni vichwa vimepangwa kila kimoja kwenye kisanduku chake, na mmoja kavaa tai. Nikajua ndiye hakimu. Nikampita mjukuu wangu, nikapiga goti, nikasema kwa sauti ya kanisani:

"Shikamooni, waheshimiwa!"

Mie! Mwenye vitukuu! Yule mwenye tai alishtuka akataka kusimama, kichwa kikatoka kwenye kisanduku tukabaki tunaliona tumbo. "Hapana, mama! Shikamoo wewe! Shikamoo!"

Sikupokea, nilikuwa na yangu. "Huyu mtoto hajawahi kuiba hata sukari! Kama ni kiwanja, tunakirudisha! Nifungeni mie, nimeshakula chumvi ya kutosha!" Mama Grayson nyuma yangu akaanzisha Salamu Maria, na Mzee Shabbir mlangoni, kiatu kimoja kimevuliwa, akanyoosha kidole: "Tunaomba kesi iahirishwe, mheshimiwa!"

Upendo alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Mama," yule mwenye tai akaniuliza polepole, "kesi ipi?"

"Zote! Za Madale zote!"

Binti mmoja kisandukuni akapasuka kwa kicheko, wakamfuata wote, na Profesa Mwakyoma (ndiye huyo) akavua miwani akafuta machozi. Kisha akasema kwa adabu, "Upendo, mwoneshe bibi kesi zake."

Upendo akafungua ramani pale kiooni. Mlima wetu ndio ule, bonde ndilo lile, barabara ya kushuka Tegeta, na kote humo nukta nyekundu, zimekusanyika bondeni kama punje za mtama. "Kila nukta ni mtu aliyeugua, bibi. Sie tunamwita kesi." Na wale wanaompinga? Wasomaji wawili wa jarida. Wanasoma mstari kwa mstari, kila neno wanauliza, hili umelijuaje, kwa sababu likishatoka, daktari wa nchi nyingine atalifuata akitibu watu wake, na likiwa la uongo mtu atakufa.

"Ni kina nani hao?"

"Hatujui, bibi. Hawataji majina."

"Wanalipwa?"

"Hapana."

Nikakaa. Hata Mama Grayson akavuta kigoda akakaa, na huyo hakai hata kwenye mazishi. Watu wasiomjua mjukuu wangu, hawapati sifa wala senti, wanahangaika na homa ya bonde letu ili mgonjwa wasiyemjua asidanganywe.

Nikakumbuka na mie nilitolewa damu zahanati mvua zile. Nikamuuliza Upendo kwa kunong'ona, "Nimo?"

"Umo, bibi. Ila nukta ipi, hata mie sijui. Majina yaliondolewa kabla taarifa hazijanifikia."

Kumbe na mie ni kesi! Nimejipigia goti mwenyewe. Na katika zile nukta niliwajua watu, mdomo ukanijaa majina, huyu wa mtaa wa juu, yule aliyezikwa. Upendo akanitazama, nikayameza yote. Mpaka leo sijayatema, na hapa siyaandiki.

Niliwalia muda wao mwingi siku ile, majibu waliyokuwa wanawaandalia wale wasomaji wawili yalitumwa saa zenyewe zikiwa zimebaki kiduchu, na sikula mpaka niliposikia yameenda. Baadaye jarida likakubali. Upendo alinionesha jina lake, la kwanza kabisa, nikalipapasa pale kiooni kwa kidole, na wale wawili hawamo popote.

Tangu hapo nikisikia neno dirishani nauliza hapo hapo, hata kama ni la kijinga. Na nyie mliosoma, pengine kitenge hakikuwa kile cha Pasaka, pengine Mzee Shabbir alikuwa amevua viatu vyote viwili. Nilipokosea nisahihisheni, msinionee haya. Ila nyie, si kama wale wawili, mkija kunisahihisha semeni majina yenu.